Usuli wa Mhusika wa Kubuni katika Riwaya ya Kihistoria: Jina, Nasaba na Dai la Asili katika Pwani ya Karne ya 19

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna usuli wa mhusika wa kubuni unavyoweza kujengwa katika riwaya iliyowekwa katika kipindi mahususi cha historia. Mfano uliochaguliwa ni pwani ya Afrika Mashariki kati ya miaka ya 1860 na 1900. Hoja inayoendelezwa ni kwamba katika jamii hiyo asili ya mtu ilikuwa dai lililotolewa mbele ya msikilizaji fulani kwa lengo fulani, na kwamba dai hilo lilibebwa na lugha: majina, vibainishi vya nasaba, istilahi za udugu na za hadhi. Kwa hiyo, mwandishi anayempa mhusika wake maisha ya nyuma yaliyokamilika, yanayosimuliwa na sauti isiyohojiwa, hukosa jambo ambalo watu wa wakati ule walilihangaikia zaidi.

1.0 Utangulizi

Usuli wa mhusika ni jumla ya mambo yaliyompata mhusika kabla ya tukio la kwanza la hadithi: alikozaliwa, waliomlea, alichopoteza, anachodaiwa na anachoficha. Dhana hii huchanganywa mara nyingi na mbinu rejeshi. Mbinu rejeshi ni njia ya kusimulia, nayo huonekana katika matini. Usuli unaweza kuwapo bila kusimuliwa hata kwa sentensi moja, ukajulikana tu kwa namna mhusika anavyoitika anapoitwa.

Katika riwaya ya kihistoria, mzigo wa usuli huwa mzito kuliko katika riwaya ya maisha ya leo. Lukács (1937), akichunguza riwaya za Walter Scott, alionyesha kwamba wahusika wakuu wa utanzu huu kwa kawaida ni watu wa kati, na kwamba wakuu wa historia hupita pembeni. Mtu mashuhuri huja na usuli wake kutoka katika kumbukumbu. Mtu wa kubuni huja mikono mitupu. Ebrahim Hussein aliikabili hali iliyo kinyume katika Kinjeketile (1969): jina na tukio vilitoka katika historia ya Maji Maji, lakini mwandishi alitahadharisha katika utangulizi wake kwamba Kinjeketile wa tamthilia ni zao la ubunifu. Makala haya yanamshughulikia yule ambaye hata jina lake halimo katika kumbukumbu yoyote.

Miongozo mingi ya uandishi wa riwaya humshauri mwandishi atafute jeraha la utotoni ambalo litaeleza matendo yote ya mhusika baadaye. Ushauri huo una manufaa yake, ila umejengwa juu ya namna moja ya kuyaelewa maisha ya mtu. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyeandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, anaanza alipokuwa na umri wa miaka 12, akienda safari fupi za biashara ya sandarusi. Utoto wenyewe haumo. Mtu wa pwani wa zama hizo, alipoulizwa yeye ni nani, alitaja nasaba na kisha safari. Mwandishi wa leo hana budi kuzingatia hilo kabla ya kumtungia mhusika wake ndoto za kutisha za utotoni.

2.0 Asili kama dai

Matini hiyohiyo ya Tippu Tip inatoa mfano bora wa usuli uliotungwa na kufanya kazi. Akiwa bara, alisikia habari za dada wa Kasongo Rushie, mtawala wa Utetera, aliyetekwa zamani na kupotelea mbali. Alipomfikia mtawala huyo alijitambulisha kuwa mjukuu wa dada yule. Mzee akampokea kama ndugu na hatimaye akamwachia utawala. Msomaji anauona mpangilio waziwazi: kwanza habari inasikika, kisha nasaba inadaiwa, kisha mamlaka yanapatikana.

Tukio hili lisichukuliwe kuwa ujanja wa mfanyabiashara mmoja tu. Limewezekana kwa sababu pande zote mbili zilikubaliana kuwa undugu ni jambo linalothibitishwa kwa simulizi inayosadikika, na kwamba simulizi hiyo ina uzito wa kisheria. Kilichomfanyia kazi tajiri mwenye bunduki kilimfanyia kazi pia mtu wa chini kabisa, ingawa kwa hatari kubwa zaidi. Glassman (1995), katika uchunguzi wake wa miji ya Mrima, ameonyesha jinsi watumwa na wazalia walivyopigania kuingia katika jamii ya waungwana kwa mavazi, karamu, ngoma na dini. Kila hatua ya namna hiyo ilikuwa pia hatua ya kuiandika upya asili.

Kutokana na hayo, swali la kwanza la mwandishi linabadilika. Badala ya kuuliza mhusika huyu ametoka wapi, anauliza mhusika huyu husema ametoka wapi, humwambia nani, na nani anaweza kumkanusha.

3.0 Jina na kiunganishi

Ili hoja isibaki hewani, tuchukue mhusika wa kubuni. Ni mwanamke anayeishi Bagamoyo mwaka 1895, anapika na kuuza chakula kwa wapagazi, ana binti mmoja, na anaitwa Zafarani. Hajulikani katika kumbukumbu yoyote. Ametungwa kwa ajili ya ufafanuzi huu.

Jina lake tayari ni nusu ya usuli. Watumwa wengi walipewa na mabwana zao majina ya baraka, ya bahati au ya vitu vya thamani. Miongoni mwa wanaume wa misafara ya Wazungu wanatajwa akina Mabruki, Baraka na Feruzi. Mabruki ni aliyebarikiwa. Feruzi ni jiwe la thamani. Uledi, jina jingine linalojirudia katika misafara hiyo, linaelekea kutokana na umbo la udogishaji la neno la Kiarabu lenye maana ya mtoto wa kiume, hivyo mtu mzima mwenye ndevu, aliyevuka bara zima kwa miguu, aliitwa kitoto hadi kufa kwake. Mwandishi hahitaji kueleza lolote zaidi. Akimwita mhusika Uledi na kumfanya awe na miaka 50, msomaji mwenye sikio ameshaambiwa.

Baada ya jina huja kiunganishi, na hapa sarufi inasema mengi kuliko maelezo. Mwungwana alikuwa fulani bin fulani, au fulani binti fulani. Mtumwa alitambulishwa kwa kihusishi cha umiliki: Feruzi wa bwana fulani. Kati ya -a na bin pamelala safari nzima ya maisha ya mtu. Aliyekosa ukoo unaotambulika aliweza kupewa jina la bin Abdallah, kwa desturi ya Kiislamu iliyojulikana tangu enzi za Wamamluki, kwa kuwa kila mtu ni mwana wa mja wa Mungu. Jina hilo lilifungua mlango na kuacha alama kwa wakati uleule: aliyeitwa Abdallah kwa kuzaliwa na aliyeitwa hivyo kwa kukosa baba waliandikwa sawasawa, na majirani walijua tofauti. Zafarani akijiita Zafarani binti Abdallah mwaka 1895, mwandishi amepata tukio kamili pasipo mbinu rejeshi yoyote.

Katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), Adam Shafi alimpa mtumishi wa kasri jina la Kijakazi, ambalo ni nomino ya kawaida ya mtumwa wa kike. Mhusika huyo anaishi katika mkesha wa Mapinduzi ya 1964, miaka zaidi ya 60 baada ya utumwa kufutwa kisheria Unguja. Usuli wake wote umo katika jina ambalo hakuna aliyeona haja ya kulibadilisha.

4.0 Mwaka wa kuzaliwa

Waandishi wengi huchagua umri wa mhusika kwa kukisia. Katika riwaya ya kihistoria uchaguzi huo huamua karibu kila kitu, na tofauti ya miaka 6 inatosha kuwapata watu wawili wasiofanana.

Tuseme Zafarani alizaliwa karibu mwaka 1860 katika nchi ya Wayao, akatekwa akiwa na miaka 9. Anafika Kilwa Kivinje, anapakiwa chomboni, anauzwa katika soko la Mkunazini, Unguja. Mwaka ni 1869, na mji unaingia katika kipindupindu kilichoua maelfu hadi mwaka 1870. Mtoto huyu anakumbuka bahari, soko na maiti. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, walioanzisha misheni yao Bagamoyo mwaka 1868, walikuwa wakinunua watoto sokoni Unguja na kuwavusha. Hiyo ni njia moja inayoeleza kuwapo kwake Bagamoyo. Njia nyingine ni bwana aliyehamia Mrima kufuata biashara ya pembe.

Sasa tuseme alizaliwa mwaka 1866 na kutekwa mwaka 1875. Soko la Mkunazini halipo tena. Lilifungwa kwa mkataba wa mwaka 1873, na msingi wa kanisa kuu la Waanglikana uliwekwa mahali pake mwishoni mwa mwaka huohuo. Usafirishaji wa watumwa kwa bahari umepigwa marufuku. Lakini mahitaji hayakupungua. Tufani ya Aprili 1872 iliangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba kwa sehemu kubwa, bei ikapanda, na wenye mashamba wa Pemba wakataka watu. Misafara ikaanza kupita nchi kavu, kutoka Kilwa kwenda kaskazini, kupitia nyuma ya Dar es Salaam na Bagamoyo, hadi Pangani, ambako kivuko cha kwenda Pemba ni kifupi. Frederic Elton, makamu wa balozi wa Uingereza, aliikuta misafara hiyo njiani mwishoni mwa mwaka 1873 na mwanzoni mwa 1874. Mwaka 1876 Seyyid Barghash akaikataza nayo. Zafarani wa pili, basi, hakuona soko wala hakupanda chombo. Anakumbuka miguu. Huenda alibaki Bagamoyo kwa sababu alishindwa kuendelea, na aliyeachwa njiani hana bwana anayemtambua wala hati inayomtaja. Hilo ni pengo ambalo mwaka 1895 linaweza kuwa bahati yake.

Kalenda hiyohiyo huhukumu vitu vidogo. Zafarani wa 1869 alifungwa kipande cha merikani au kaniki. Kanga yenyewe ilikuwa haijapata umbo lake, maana ilianza kuenea katika miongo miwili iliyofuata. Mwaka 1895 kumvisha kanga mpya ni kumpa tamko. Kumvisha buibui ni kosa la tarehe, kwani vazi hilo lilienea baadaye.

Maneno nayo yana tarehe zake. Mjinga, katika Kiswahili cha karne ya 19, alikuwa pia mtumwa mgeni aliyetoka bara karibuni, asiyejua lugha wala desturi za pwani. Kinyume chake alikuwa mzalia, aliyezaliwa pwani. Mwandishi anayemfanya bwana aseme "mjinga wewe" kwa maana ya leo amepoteza tusi lililo kali zaidi, lile linalomwambia mtu kuwa bado hajafika. Kwa Zafarani, aliyefika akiwa mtoto na kukua akisema Kiswahili kama wenyeji, mpaka kati ya mjinga na mzalia ni mwembamba, na unavukika kwa uongo mmoja tu: kusema alizaliwa hapa.

Jambo la lafudhi linastahili onyo. Kuna mazoea ya kumtambulisha mhusika wa kitumwa kwa Kiswahili kilichovunjika. Mtoto wa miaka 9 aliyekulia pwani kwa miaka 20 na zaidi hasemi hivyo. Kiswahili kilichovunjika katika kinywa chake ni usuli wa uongo, tena unaorudia hukumu ya waliomnunua.

5.0 Swali ambalo lugha inauliza

Kwa Kiingereza, mwandishi anaweza kutumia neno moja la udugu na kuahirisha maelezo kwa kurasa nyingi. Abdulrazak Gurnah alifanya hivyo katika Paradise (1994), iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi (2022). Yusuf anamwita Aziz kwa neno la Kiingereza linalomhusu ndugu yeyote wa kiume wa mzazi. Kijana mwenzake, Khalil, anamkanya na kumtaka amwite Seyyid, kwa kuwa mtu huyo si ndugu yake hata kidogo. Yusuf amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Usuli mzima wa mhusika unafichuliwa kwa kubadilishwa neno la kuitia.

Mwandishi anayetunga kwa Kiswahili hana nafasi hiyo ya kuahirisha. Ami na baba mdogo humweka mtu upande wa baba. Mjomba humweka upande wa mama. Na kila upande una haki na wajibu wake katika ulezi, mirathi na ndoa. Neno la kwanza analotamka mtoto tayari ni dai la nasaba. Ugumu huu ni utajiri kwa atakayeutumia.

Kwa Zafarani ugumu unazidi. Wayao huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Kundi la msingi ni mbumba, yaani akina dada na watoto wao walio chini ya uangalizi wa kaka yao mkubwa (Mitchell, 1956). Mtoto wa miaka 9 anayeulizwa Unguja au Bagamoyo "binti nani?" anaulizwa jina la baba, ilhali mtu ambaye kwao angemtaja ni mjomba. Akitoa jina la mjomba, wasikilizaji wataliandika kuwa la baba. Hivyo kosa la kwanza katika usuli wake halitokani na uongo wake wala wa karani. Limetokana na umbo la swali. Mhusika anaweza kuishi miaka 26 akiitwa binti wa mtu ambaye ni kaka wa mama yake, na kuacha hivyo, kwa sababu ndilo jina pekee la kwao lililosalia kinywani mwa watu.

6.0 Wasikilizaji

Usuli ukishachukuliwa kuwa dai, hauna budi kuwa na matoleo. Simulizi halisi za watumwa zilizotufikia zinathibitisha hilo. Maisha ya Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyepelekwa India utumwani na kurudi huru, yanajulikana kwa sehemu kubwa kupitia Speke, aliyekuwa mwajiri wake. Kisa cha Swema, msichana wa Kiyao aliyefikishwa Unguja katika miaka ya 1860 na kuokolewa akiwa karibu na kufa, kiliandikwa na padri wa misheni, na Alpers (1983) amekichambua kama ushahidi ambao umepitia mikononi mwa mwenye kusudi lake. James Mbotela, katika Uhuru wa Watumwa (1934), alieleza habari za kizazi cha baba yake akiwa mtoto wa makazi ya walioachwa huru karibu na Mombasa, na shukrani kwa Waingereza imetawala simulizi hiyo.

Zafarani naye ana wasikilizaji wake. Padri anataka ukatili, kisha wokovu. Atamsikiliza kwa makini zaidi atakapolia. Ofisa wa Kijerumani anayetoa hati ya uhuru anataka jina la bwana, namna alivyopatikana na iwapo kuna anayemdai. Kwake machozi hayana safu katika daftari. Wanawake wenzake wa mtaani hawaulizi, wanapima: anavyofunga nguo, anavyopika, nani alimfundisha kusali. Kwao anasema ni mzalia. Binti yake ameambiwa kitu cha nne, au hakuambiwa.

Mwandishi mzuri atayajua matoleo yote manne na atayaweka yagongane mahali pamoja. Hati ya uhuru ndiyo mahali penyewe. Ili aipate, Zafarani lazima akiri mbele ya karani, na pengine mbele ya jirani aliyeitwa kuwa shahidi, kwamba alikuwa mtumwa wa mtu. Ili abaki na heshima aliyoijenga mtaani, lazima asiipate. Kiini cha riwaya kimo hapo, nacho kimetoka katika usuli bila sura ya kwanza kupotezwa kwa utoto wake.

Je, mwandishi mwenyewe aujue ukweli? Wapo wanaoshikilia kwamba lazima aujue wote. Kwa mhusika wa aina hii madai hayo yana kasoro. Zafarani hakumbuki jina la kijiji chake, au analikumbuka kwa matamshi ya mtoto ambayo hakuna ramani inayoyatambua. Mwandishi akilijua na kulidokeza kwa msomaji, anamweka msomaji juu ya mhusika, mahali aliposimama karani. Ni afadhali baadhi ya mapengo yawe mapengo kweli, hata katika daftari la mwandishi.

Kuna hila moja ambayo haina budi kukataliwa, ingawa wasomaji huipenda: mtumwa anayegunduliwa mwishoni kuwa binti wa mfalme. Hila hiyo hujifanya inamrudishia mhusika utu wake. Inachofanya ni kukubaliana na waliomuuza kwamba utu unastahili kwa mwenye nasaba, ila tu walikosea mtu. Tippu Tip alidai ujukuu wa dada wa mtawala kwa sababu alitaka kutawala. Zafarani anataka kuuza chakula bila kuulizwa.

7.0 Usuli unaorithiwa

Haja ya kuwa mwangalifu haiishii kwa mhusika aliyekufa. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja na Pemba mwaka 1897, huku masuria wakisubiri hadi 1909. Katika pwani ya Kenya ilifutwa mwaka 1907. Tanganyika, Wajerumani waliwatangaza huru watoto waliozaliwa kuanzia mwaka 1906, na utumwa wenyewe ukafutwa chini ya Waingereza mwaka 1922. Fair (2001) ameeleza jinsi watu wa Unguja waliotoka utumwani walivyojenga utambulisho mpya katika miongo iliyofuata, kwa mavazi, muziki na majina ya makabila. Katika sensa za Waingereza idadi ya waliojiandikisha kuwa Waswahili ilishuka sana kati ya 1924 na 1931, na Wahadimu, Watumbatu na Washirazi wakaongezeka. Watu walewale, au watoto wao, walitoa jibu jingine kwa swali lilelile. Katika miaka ya kabla na baada ya 1964 majibu hayo yaliamua nani aitwe mwenyeji na nani mgeni.

Binti wa Zafarani, aliyezaliwa tuseme mwaka 1885, angekuwa na miaka 39 wakati wa sensa ya 1924. Kama amevuka kwenda Unguja, karani atamfikia mlangoni. Alichoambiwa na mama yake, na alichoamua kukisahau, vitaingia katika safu moja. Mwandishi anayetaka kujua usuli wa mama kwa hakika anaweza kuanzia hapo na kurudi nyuma: aandike kwanza jibu la binti, kisha atafute kimya gani kilihitajika ili jibu hilo liwezekane.